Namna ya kujua kiongozi wa jimbo lako nchini Marekani atakaa madarakani hadi lini

Miongoni mwa maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani limo moja linalomtaka mwombaji ataje jina la gavana wa jimbo analoishi, na lipo jingine linalouliza seneta huchaguliwa kwa miaka mingapi. Jibu la swali hilo la pili ni sita, na wengi hulikariri wakaendelea na mengine. Taabu huja baada ya kiapo, pale raia mpya anapopokea karatasi yake ya kwanza ya kura na kukuta juu yake maseneta wa aina mbili: mmoja wa bunge la taifa, ambaye kweli huchaguliwa kwa miaka sita, na mwingine wa bunge la jimbo, ambaye katika jimbo moja hukaa miaka minne na katika jimbo la jirani hukaa miwili tu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya raia huyo, awe ametoka Goma akahamia Portland katika jimbo la Maine, au ametoka Mombasa akaweka makazi Minneapolis. Unaeleza namna ya kutafuta mwenyewe, katika jimbo lolote kati ya majimbo 50, mambo mawili: muhula wa kiongozi fulani ni wa miaka mingapi, na sheria inamruhusu kushika mihula mingapi. Nasisitiza kutafuta mwenyewe kwa sababu orodha zinazosambazwa huchakaa upesi, na kwa sababu nambari peke yake hupotosha. Kiongozi mmoja akiambiwa “mihula miwili” huwa amefika mwisho wa safari yake, na mwingine akiambiwa maneno hayo hayo huwa amepewa likizo ya miaka minne.

Wengi wetu tumelelewa na kipimo kimoja. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa gavana wa kaunti mihula isiyozidi miwili, kama Rais, na kila muhula ni wa miaka mitano. Tanzania nayo inampa Rais vipindi viwili vya miaka mitano, ilhali mbunge anaweza kugombea mpaka achoke yeye au wachoke waliomchagua. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 ilifika mbali zaidi, kwa kuwa ibara yake ya 220 inakataza kabisa kubadilisha idadi na urefu wa mihula ya Rais. Palipo na kipimo kimoja kwa nchi nzima, mtu hujifunza mara moja. Marekani haina kipimo hicho kwa majimbo yake, kwa kuwa kila jimbo lina katiba yake, limejiwekea muda wake, na mara nyingi limeubadilisha zaidi ya mara moja.

Tenganisha kwanza taifa na jimbo

Kabla ya kutafuta chochote, weka kando majina ya watu wanaokwenda bunge la taifa. Maseneta wawili wa jimbo walioko huko hukaa miaka sita, wawakilishi hukaa miaka miwili, na hakuna ukomo wa mihula kwa yeyote kati yao. Si kwamba majimbo hayakujaribu. Mwaka 1992 wapiga kura wa Arkansas walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo lao yaliyolenga kuwazuia wakongwe wa bunge la taifa wasiendelee kugombea, na shauri lake likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1995 mahakama hiyo iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba jimbo halina mamlaka ya kuongeza masharti kwa wabunge wa taifa. Jimbo linaweza kuwawekea ukomo viongozi wake lenyewe, basi.

Hukumu hiyo imeacha mtego ambao msomaji makini anaweza kunasa. Vifungu vilivyopoteza nguvu mwaka 1995 havikufutwa vyote katika vitabu. Katiba ya Ohio, kwa mfano, mpaka leo ina kifungu, katika sehemu yake ya uchaguzi, kinachotaja ukomo wa maseneta na wawakilishi wa taifa kutoka jimbo hilo. Kifungu kinasomeka vizuri, kina tarehe na hesabu zote, wala hakimzuii mtu yeyote. Kwa hiyo ukikuta maneno ya namna hiyo katika katiba ya jimbo lako, hakikisha kwanza yanamzungumzia nani.

Fungua katiba yenyewe

Katiba ya kila jimbo inapatikana bila malipo, aghalabu katika tovuti ya bunge la jimbo. Ni waraka mrefu, lakini huhitaji kuusoma wote. Nenda kwenye sehemu inayohusu mamlaka ya utendaji kwa ajili ya gavana na wenzake, yaani naibu gavana, mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo, mweka hazina na mkaguzi wa hesabu. Nenda kwenye sehemu inayohusu bunge kwa ajili ya maseneta na wawakilishi. Usipoona ukomo mahali hapo, usiharakishe kusema haupo. Tazama pia sehemu ya uchaguzi. Montana imeuweka huko, na imeuandika kwa namna ya pekee: badala ya kusema fulani hataruhusiwa kushika nafasi, inamkataza katibu wa jimbo kuidhinisha jina lake liingie kwenye karatasi ya kura.

Kumbuka pia kwamba si kila cheo cha jimbo hupigiwa kura na wananchi, na si kila cheo kina ukomo unaofanana na wa gavana. Katika Maine, katibu wa jimbo, mwanasheria mkuu na mweka hazina huchaguliwa na bunge la jimbo kila baada ya miaka miwili. Katika Virginia, gavana amebanwa kuliko magavana wote wa nchi, lakini naibu wake na mwanasheria mkuu wanaweza kuwania tena na tena. Texas ina makamishna watatu wa tume ambayo jina lake ni la reli, nao huchaguliwa kwa miaka sita. Kazi yao hasa ni kusimamia mafuta na gesi, na treni haziwahusu tena. Majaji, katika majimbo yanayowachagua kwa kura, wana utaratibu wao wa mihula mirefu na mara nyingi kikomo cha umri, na wanahitaji mwongozo wa peke yao.

Urefu wa muhula

Kwa gavana jambo hili ni jepesi. Majimbo 48 humchagua kwa miaka minne. New Hampshire na Vermont humchagua kwa miaka miwili, na yote mawili hayana ukomo wa mihula, jambo linalomfanya gavana wa huko awe mtu wa kampeni zisizokwisha. Phil Scott wa Vermont alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 2016, na kufikia mwaka 2024 alikuwa ameshinda uchaguzi wa ugavana mara tano. Kwa miaka minne minne, ushindi mara tano ungekuwa miaka 20.

Kwa wabunge wa jimbo mambo yana kona nyingi zaidi. Mwakilishi wa kawaida hukaa miaka miwili, isipokuwa katika Alabama, Louisiana, Maryland, Mississippi na North Dakota, ambako hukaa minne. Seneta wa jimbo katika majimbo mengi hukaa miaka minne, lakini yapo majimbo 12 yanayomchagua kwa miwili, yakiwemo Georgia, New York, Massachusetts, Maine, Arizona na North Carolina. Nebraska ina baraza moja tu, lenye maseneta 49 wanaochaguliwa kwa miaka minne.

Halafu kuna majimbo ambayo muhula wa seneta hubadilika urefu ndani ya mwongo mmoja, na hapa ndipo nimeona watu wakibishana bila sababu, kila mmoja akiwa na nusu ya ukweli. Chanzo chake ni sensa. Kila baada ya miaka kumi mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya, na ili maseneta wote wachaguliwe ndani ya mipaka mipya, mojawapo ya mihula hufupishwa. Minnesota iliwachagua maseneta wake mwaka 2020 kwa miaka miwili, ikawachagua tena mwaka 2022 kwa miaka minne, na uchaguzi unaofuata ukawa wa mwaka 2026. Texas, baada ya mipaka kuchorwa, huwachagua wote kwa pamoja kisha huwapigisha kura ya bahati kuamua nani atakaa miaka miwili na nani minne. Ukiishi katika jimbo la namna hii, usikariri nambari. Tafuta mwaka ambao seneta wako alichaguliwa na mwaka atakaorudi kwenye karatasi.

Angalia vilevile mwaka wenyewe. Majimbo mengi humchagua gavana katika mwaka unaogawanyika kwa mbili usio wa uchaguzi wa Rais, kama 2022 na 2026. Virginia na New Jersey humchagua mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa Rais, na Kentucky, Mississippi na Louisiana mwaka mmoja kabla yake. Anayesubiri shamrashamra za kitaifa ndipo ajue kuna uchaguzi, katika majimbo hayo matano atapitwa.

Neno “mfululizo” na wenzake

Sasa tumefika penye uzito. Ukishapata kifungu cha ukomo, usikimbilie idadi. Soma polepole sentensi nzima ukitafuta jinsi mihula inavyohesabiwa, kwa sababu hesabu zenyewe ni za aina tatu, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya mihula miwili na mitatu.

Aina ya kwanza huzuia mihula ya mfululizo. Kiongozi akimaliza idadi iliyowekwa lazima apumzike kwa muda uliotajwa, kisha anaweza kurudi na hesabu yake ikaanza upya. Virginia ndiyo kali zaidi katika kundi hili, kwa sababu gavana wake haruhusiwi kujirithi hata mara moja: miaka minne, kisha anatoka. Anaweza kurudi baadaye, na Mills Godwin alirudi, akiwa gavana kuanzia 1966 hadi 1970 kwa chama cha Democratic, na tena kuanzia 1974 hadi 1978 kwa chama cha Republican. Ohio inaruhusu mihula miwili mfululizo, na James Rhodes aliitumia ruhusa hiyo kikamilifu: 1963 hadi 1971, mapumziko ya miaka minne, kisha 1975 hadi 1983. Jim Hunt wa North Carolina alifanya hivyohivyo, 1977 hadi 1985 na 1993 hadi 2001. Katika bunge la Nebraska, Ernie Chambers alikuwa seneta tangu mwaka 1971 mpaka ukomo ulipomtoa mwanzoni mwa 2009. Alikaa nje miaka minne, akachaguliwa tena mwaka 2012, akahudumu miaka mingine minane.

Ukomo wa namna hii una mlango mwingine wa pembeni ambao Alabama iliuonyesha wazi. Mwaka 1966 katiba ya jimbo hilo haikumruhusu George Wallace kujirithi, naye akamsimamisha mkewe, Lurleen, aliyeshinda na kuwa gavana huku kila mtu akijua ni nani anayeongoza. Lurleen alifariki akiwa madarakani mwaka 1968, na mwaka huohuo katiba ikarekebishwa kuruhusu mihula miwili mfululizo. Mumewe alirudi kwa kura mara tatu zaidi.

Aina ya pili ni ukomo wa maisha. Hapa mapumziko hayasaidii kitu. Michigan, California, Missouri na Nevada humpa gavana mihula miwili tu maishani mwake. Kwa wabunge, California na Michigan humpa mtu miaka 12 kwa jumla, ambayo anaweza kuimaliza yote katika baraza moja au kuigawa kati ya mabaraza mawili; Oklahoma nayo inatumia jumla ya miaka 12. Missouri huhesabu kila baraza peke yake, miaka minane na minane. Tofauti hiyo ya “kwa jumla” na “kwa kila baraza” isome kwa makini kama unavyosoma neno “mfululizo”.

Aina ya tatu hupima ndani ya kipindi kinachosogea. Oregon inasema gavana hatashika cheo hicho kwa zaidi ya miaka minane katika kipindi chochote cha miaka 12. Montana inasema minane katika 16. Kuhesabu kwake kunataka karatasi: andika mwaka ambao mtu angemaliza muhula anaoutaka, rudi nyuma idadi ya miaka iliyotajwa, kisha jumlisha miaka aliyokwisha kuhudumu ndani ya kipindi hicho pamoja na ile anayoiomba. John Kitzhaber alikuwa gavana wa Oregon kuanzia 1995 hadi 2003. Alipochaguliwa tena mwaka 2010, miaka yake ya zamani ilikuwa imetoka nje ya kipindi kinachohesabiwa, naye akaingia bila pingamizi.

Na kuna majimbo ambayo hayana ukomo wowote kwa gavana, kama Texas, Minnesota, Illinois, Iowa, New York, Massachusetts na jimbo la Washington. Iowa ndiko alikotoka Terry Branstad, gavana aliyehudumu muda mrefu kuliko mwingine yeyote katika historia ya Marekani: 1983 hadi 1999, kisha 2011 hadi 2017, zaidi ya miaka 22 kwa jumla. Kwa wabunge, majimbo yenye ukomo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Ni 16 tu: Arizona, Arkansas, California, Colorado, Florida, Louisiana, Maine, Michigan, Missouri, Montana, Nebraska, Nevada, North Dakota, Ohio, Oklahoma na South Dakota. Jimbo lako likiwa halimo, mbunge wako hana ukomo ila ule anaouweka mpiga kura.

Hesabu ilianza lini

Sheria ya ukomo kwa kawaida haihesabu yaliyopita. Tafuta tarehe iliyotajwa mwishoni mwa kifungu, kwa sababu ndiyo inayofafanua mambo yanayoonekana kuwa uvunjaji wa katiba. Mfano bora ni Jerry Brown. Alikuwa gavana wa California kuanzia 1975 hadi 1983, mihula miwili kamili. Mwaka 1990 wapiga kura wakapitisha ukomo wa mihula miwili ya maisha, lakini kifungu kilihesabu mihula iliyopatikana tangu Novemba 6, 1990 tu. Brown akarudi mwaka 2011, akahudumu mihula mingine miwili, akaondoka mwaka 2019 akiwa ameshika ugavana miaka 16 katika jimbo ambalo kila mtu anajua lina ukomo wa minane. Hakuna aliyepinda sheria.

Kura hiyohiyo ya 1990 iliwapa wabunge wa California miaka sita katika baraza la chini na minane katika seneti. Inasemwa mara nyingi kwamba aliyelengwa hasa ni Willie Brown, spika tangu mwaka 1980, ambaye mwaka 1996 aliibuka kuwa meya wa San Francisco. Mwaka 2012 wapiga kura wakabadilisha tena na kuweka ile jumla ya miaka 12, lakini kwa wale tu waliochaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya mabadiliko. Kwa miaka kadhaa basi bunge moja lilikuwa na watu waliohesabiwa kwa vipimo viwili, wakiketi viti vilivyopakana. Ndiyo maana mwaka ambao kiongozi wako alianza ni habari ya lazima, na wasifu wake katika tovuti ya bunge ndio mahali pa kuupata.

Muhula uliokatika

Gavana akijiuzulu au akifariki, anayeshika nafasi yake anakalia kipande cha muhula wa mwingine. Je, kipande hicho kinahesabiwa? Kwa maoni yangu hili ndilo swali linalotenganisha aliyesoma katiba na aliyesikia habari zake tu, na majimbo hulijibu kwa namna zinazopishana kabisa.

Arizona inahesabu sehemu yoyote ya muhula, hata iwe siku chache. Jan Brewer aliingia ugavana Januari 2009 baada ya mtangulizi wake kwenda kufanya kazi katika serikali ya taifa, akashinda uchaguzi wa 2010, na mwaka 2014, ingawa alikuwa amechaguliwa na wananchi mara moja tu, hakugombea tena. Alabama ilikwenda njia nyingine. Kay Ivey alishika nafasi Aprili 2017 gavana aliyekuwepo alipojiuzulu, akachaguliwa mwaka 2018 na tena 2022, na kile kipande cha kwanza cha karibu miaka miwili hakikumpunguzia kitu.

California inakaa katikati: kipande kilichopungua nusu ya muhula hakihesabiwi, na kinachozidi huhesabiwa kama muhula kamili. Arnold Schwarzenegger aliingia Novemba 2003 baada ya wananchi kumwondoa gavana kwa kura, akamaliza zaidi ya miaka mitatu ya muhula ule, akachaguliwa mwaka 2006, na hiyo ikawa mihula yake miwili. Florida imeandika kifungu ambacho nakipenda kwa uangalifu wake. Kinasema hawezi kuchaguliwa kwa muhula unaofuata mtu ambaye amehudumu, au angehudumu kama asingejiuzulu, zaidi ya miaka sita katika mihula miwili mfululizo. Maneno yale ya kujiuzulu yamewekwa makusudi, ili mtu asitoke mlangoni wiki chache kabla ya muda kutimia na kurudi kwa dirishani akidai muhula wake wa pili haukukamilika.

Je, ukomo huo ungali hai?

Hatua hii wengi huiruka. Ukikuta makala ya miaka ya 1990 inayosema jimbo lako liliweka ukomo wa wabunge, usiiamini kabla ya kukagua kilichofuata, kwa sababu majimbo sita yaliyokuwa nao hayanao tena. Idaho iliufuta mwaka 2002 na Utah mwaka 2003, na katika majimbo yote mawili waliopiga kura ya kuufuta ni wabunge wenyewe. Mahakama za Massachusetts mwaka 1997, Washington mwaka 1998 na Wyoming mwaka 2004 ziliutangaza kuwa batili kwa sababu ulikuwa umewekwa kwa sheria ya kawaida, ilhali sifa za mgombea zimewekwa na katiba na haziwezi kuongezwa kwa sheria iliyo chini yake. Katika Oregon mwaka 2002 ulianguka kwa kosa la utaratibu, kwa kuwa marekebisho kadhaa yalikuwa yamefungwa katika kura moja.

Mabadiliko huja pia kwa upande wa pili. North Dakota haikuwa na ukomo mpaka wapiga kura walipouweka Novemba 2022, mihula miwili kwa gavana na miaka minane kwa kila baraza la bunge. Mwezi huohuo Michigan iliacha kipimo cha mwaka 1992, kilichompa mwakilishi miaka sita na seneta minane, ikachukua kile cha miaka 12 kwa jumla. Kwa hiyo ukifungua katiba mtandaoni, tazama chini ya kifungu tarehe ya marekebisho ya mwisho.

Mfano wa kuhesabu: mwakilishi wa Ohio

Tuchukue mwakilishi wa kubuni aliyechaguliwa mara ya kwanza Novemba 2018, akaanza kazi Januari 2019. Katiba ya Ohio inampa mihula minne mfululizo ya miaka miwili: 2019 na 2020, 2021 na 2022, 2023 na 2024, 2025 na 2026. Mwisho wa mwaka 2026 amefika ukomo. Akijiuzulu Machi 2026 hafaidiki, kwa sababu katiba hiyo inasema aliyechaguliwa katika uchaguzi wa kawaida akajiuzulu kabla ya muda huhesabiwa kuwa amehudumu muhula mzima.

Lakini hesabu ya Ohio ni ya mfululizo na ni ya kila baraza peke yake. Mwakilishi wetu anaweza kugombea seneti mwaka 2026, eneo lake likiwa miongoni mwa yanayochagua mwaka huo, kwa kuwa nusu ya maseneta huchaguliwa sasa na nusu nyingine miaka miwili baadaye. Akishinda mara mbili atakaa huko mpaka mwisho wa 2034. Katiba inasema mihula haihesabiwi kuwa ya mfululizo ikiwa imetenganishwa na miaka minne au zaidi, naye kufikia hapo atakuwa nje ya baraza la wawakilishi kwa miaka minane. Kwa hiyo Januari 2035 anaweza kuketi tena kwenye baraza alikoanzia, hesabu ikiwa sifuri, bila kukosa hata siku moja ya bunge tangu 2019. Mtu huyohuyo angekuwa Michigan, miaka yake 12 ingekwisha mwishoni mwa 2030 na hangeruhusiwa kurudi kamwe. Angekuwa Minnesota, nisingekuwa na hesabu ya kukufanyia.

Fanya hesabu hiyo kwa majina matatu, gavana wako, seneta wako wa jimbo na mwakilishi wako: mwaka wa kuanza, urefu wa muhula, aina ya ukomo, vipande vya muhula wa mwingine kama vipo. Jina likifika ukomo, usilifute kwenye karatasi yako. Lihamishe kwenye safu ya baraza la pili, kisha subiri orodha ya wagombea itoke uone kama limejitokeza huko.